Espasi ya watoto ya kwetu Ndosho, Goma: maoni yangu kwa wazazi wanaoniuliza kama wapeleke watoto

Nianze na ile jibu wengi wanatafuta: ndiyo, mpeleke watoto. Espasi ni fasi ambapo watoto waliopitia vita wanacheza na kusaidiwa moyo. Ni bure, hawakurudishi kwa kukosa karta, hawaulizi kama unatoka Masisi ao Rutshuru ao wewe ni wa hapa hapa mjini, na mtoto wa dada yangu tangu azoee pale analala usiku mzima. Natoa nyota nne. Ya tano naiweka pembeni, nitasema kwa nini, na sababu yenyewe si ndogo.

Jina la ONG, yaani shirika la misaada linaloendesha fasi hii, sitaliandika ju niko na mambo ya kulaumu hapa chini na sipendi wale vijana wanaofanya kazi pale wapate shida na wakubwa wao. Wa Ndosho mnaijua fasi yenyewe, hangari ya mbao yenye manjanja (mabati) mapya na uzio wa bashi (turubai) nyeupe, ukiuliza tu "kwa watoto" mtu yeyote anakuonyesha.

Huyu mtoto wetu yuko na miaka 9. Wazazi wake walikimbia Masisi wakafikia kambi ya Bulengo, na tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalipoanguka kwenye kambi za upande wa Mugunga na Lac Vert yeye alikuwa kwenye foleni ya maji na bidon yake, hakuumia lakini alisikia na aliona watu wakibebwa. Kisha ikaja mwisho wa Januari 2025, vita ikaingia Goma mjini kabisa, hakuna kuran ya umeme, hakuna maji, hakuna rezo ya simu, sisi tulikuwa tunalala chini mbali na dirisha na nje ni risasi na magari yanayokimbiza majeruhi kwenye hospitali ya CBCA Ndosho. Mwezi wa pili watu wakaambiwa watoke kambini, dada na shemeji wakarudi kijijini kuangalia kama shamba bado lipo, mtoto wakaniachia asome. Majirani walikuwa wanamsifu, ooh mtoto mpole, mtoto wa adabu. Lakini ule upole mimi ndiye niliyekuwa ninauona usiku. Kila jioni alikuwa anakunja nguo zake mbili, anaziingiza kwenye mfuko wa masomo pamoja na viatu, anaulaza mfuko chini ya kichwa kisha ananiuliza "mama mdogo, leo tunalala hapa hapa?" Mvua ya mawe ikipiga kwenye manjanja anaingia mvunguni na hatoki mpaka umvute. Kukojoa kitandani kulirudi, na ni kitu alikuwa ameacha zamani sana. Mwalimu akaniita akasema mtoto anatazama ubao lakini hayupo.

Wenye umri wangu wanakumbuka tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilivyopasuka, lava ikakata mji katikati mpaka ziwani, tukavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kwa miguu. Nilikuwa mtoto. Tuliporudi watu wazima walianza kujenga juu ya mawe bado ya moto, tukarudishwa masomo, na hakuna mtu aliyeuliza watoto wanalala namna gani. Haikuwa ubaya, kila mtu alikuwa anatafuta mbao. Ikashuka tena 22 Mei 2021, safari hii ikaishia Buhene, na katika kule kukimbia wengine Sake wengine ng'ambo ya mpaka, kesho yake tu UNICEF ilikuwa imekwisha kuhesabu watoto zaidi ya 150 waliotengana na familia zao. Yaani hapa kwetu kila kizazi kiko na ya kwake. Kwa mji wa namna hii espasi kama hii ingepaswa kuwa kila kartye, kila mtaa, na si kitu cha kubahatisha.

Sasa ndani kunafanyika nini, ju wazazi wengi wanadhani ni kwenda kupiga balo na kurudi. Kweli balo ipo, kamba zipo, ngoma, kuchora, hadithi. Wadogo wanaingia saa mbili asubuhi, wale wanaosoma asubuhi wanaingia saa nane. Wanaanza na wimbo ule ule kila siku, kila mtoto anaitwa kwa jina lake anaitika, kila kundi liko na ankadrere wake (mlezi wa kundi) ambaye habadiliki, na wanamaliza na wimbo mwingine ule ule. Siku za kwanza nilikuwa nasimama mlangoni natazama, nikaona kama ni kurudia rudia tu. Nikauliza ankadrere wa kundi letu, dada kijana aliyesomea saikolojia hapa hapa Goma, akanieleza kwamba ule mpangilio ndiyo dawa ya kwanza. Mtoto aliyehama mara nyingi hajui kesho yake, jioni analala hapa asubuhi anaamshwa wanakimbia, sasa pale anapata saa chache ambazo anajua kabisa nini kinafuata na nani atakuwepo, na mwili wake unaanza kushuka kidogo kidogo kutoka kwenye ile hali ya kusubiri mlipuko. Akasema mambo haya si ya Kongo tu, UNICEF waliyaanza 1999 na watoto waliokimbia vita ya Kosovo, na tangu hapo fasi za watoto zinafunguliwa karibu kila panapotokea vita ao msiba mkubwa.

Siku moja ya mkutano wa wazazi alituchorea piramidi ubaoni. Alisema inatoka kwenye mwongozo wa mwaka 2007 ambao UN na maONG waliuandika pamoja. Chini kabisa, fasi pana, ni chakula, usalama, maji, pa kulala. Juu yake ni familia na jamii, mtoto kuwa na watu wake, kusali, kusoma, kucheza. Juu yake tena ni msaada wa kundi kwa wale ambao bado wanateseka, na kileleni, pembe ndogo, ni daktari na sikologe kwa wachache walioumia sana. Mama mmoja akainua mkono akauliza, sasa kama hapo chini hakuna kitu, hivi vya juu vinasimama juu ya nini? Ankadrere akanyamaza kidogo, kisha akasema mama, hilo ndilo swali tunaloandika kwenye kila rapoti.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba hawamkamati mtoto kwa nguvu asimulie aliyoyaona. Hapa kwetu tumezoea, hata kanisani, kwamba mtu akitoa yote atapona, kwa hiyo mtoto anawekwa katikati ya watu wazima wanaanza: baba yako walimfanya nini, wewe ulikuwa wapi, ulilia? Kumbe Shirika la Afya Duniani lenyewe halishauri kumfanya mtu aliyetoka kwenye msiba aeleze kila kitu kwa kikao kimoja, ju kufanya hivyo hakumsaidii na kunaweza kumrudisha nyuma. Ile huduma ya kwanza ya moyo iliyoandikwa 2011 iko na maneno matatu tu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani anahitaji nini, sikiliza akitaka kusema na kaa kimya naye asipotaka, muunganishe na watu wake na msaada. Wetu alikaa wiki nyingi bila kusema neno juu ya Bulengo na hakuna aliyemsukuma. Siku aliyoanza, alianza mwenyewe, anachora, hata hakuinua kichwa.

Baada ya kuzoea wakamwingiza kwenye kundi la mafunzo, na hapa nataka nikae kidogo ju ndipo nilipoona tofauti. Mafunzo yenyewe yanatoka kwenye mbinu za Children and War Foundation ya Bergen kule Norway, waandishi wake ni kina Patrick Smith, Atle Dyregrov na William Yule, walianza kuzitengeneza baada ya vita ya Bosnia na zimetumika baada ya tsunami ya 2004 na kule Gaza pia. Ni za watoto wa miaka 8 kwenda juu, vikao vitano kwa watoto na viwili kwa wazazi, na uzuri wake ni kwamba ziliandikwa ili mwalimu ao ankadrere aliyefundishwa aweze kuziendesha, ju nchi iliyotoka vitani haiwezi kuwa na sikologe kwa kila mtoto. Zinashika mambo matatu: picha mbaya zinazorudi zenyewe kichwani, mwili unaoshtuka na kukosa usingizi, na kukwepa kila kitu kinachokumbusha.

Kikao cha picha mbaya wazazi tuliruhusiwa kukaa nyuma. Ankadrere akawaambia wafunge macho anayetaka, walete ile picha inayowasumbua lakini waitie ndani ya tele. Kila mmoja akapewa telekomande ya kufikiria tu, mkononi hakuna kitu. Haya, punguza sauti. Punguza tena. Toa rangi, ibaki nyeusi na nyeupe. Isukume mbali mpaka ukutani kule, iwe ndogo. Sasa badilisha shaneli, weka ile shaneli yako ya utulivu tuliyoitengeneza juzi. Sasa rudi kwenye ile mbaya. Sasa izime. Washa. Zima. Watoto kumi na kitu wanabonyeza hewani, uso umekaza. Shaneli ya utulivu ya wetu ni ng'ombe wa babu yake kwenye majani ya Masisi, na lazima kuwe na harufu ya maziwa, alisisitiza hilo. Sikuelewa vizuri hadi wiki moja baadaye mvua ya mawe ilipopiga jioni tukiwa tunakula. Alisimama, akatazama mvunguni, akarudi akakaa, macho amefunga na kidole gumba kinabonyeza, kinabonyeza. Mvua ikaisha akaomba aongezwe fufu.

Kwa upande wa ndoto wanachora. Mtoto anachora ile ndoto inayomrudia, kisha karatasi ya pili anachora mwisho mwingine anaoutaka yeye, hata wa ajabu, na kabla ya kulala anautazama ule wa pili. Ya kwake ilikuwa helikopta juu ya kambi. Kwenye karatasi ya pili helikopta imetua na mama yake anashuka na mfuko wa viazi. Ile karatasi iko ukutani karibu na kitanda hadi leo, imeanza kupasuka kona.

Sehemu ya tatu ni ngazi. Alikuwa hataki kabisa kukaribia robine (bomba la maji), na unajua maji ya Goma, kila mtoto lazima abebe bidon. Wakamjengea ngazi: kwanza achore robine, halafu apite upande wa pili wa barabara na rafiki, halafu asimame karibu bila bidon, halafu asimame kwenye foleni na mimi, na kila kipandio anarudia mpaka woga ushuke ndipo apande kingine. Lakini ankadrere alikazia kitu ambacho nataka kila mzazi akisikie. Hii ngazi ni ya vitu ambavyo kweli vimekuwa salama. Mtoto anayeogopa kutoka nje usiku katika kartye ambayo usiku inalia risasi, ule woga unamlinda, usimwondolee. Unamwambia, uko na haki ya kuogopa hapo, na mimi pia sitoki. Nimesoma na kusikia mafundisho mengi juu ya tromatisme (majeraha ya moyo) ambayo yanaongea kana kwamba vita imeisha, hawa wa kwetu wanajua haijaisha na wanafundisha hivyo.

Kuna wanaosema hizi ni za Wazungu kwa watoto wao. Kuna utafiti ulitoka 2013 uliofanyika hapa hapa Kongo na wasichana 52 wa miaka 12 mpaka 17 waliopitia vita na ukatili wa kingono. Walitumia mbinu za ukoo mmoja na hizi, katika makundi, karibu nusu wakaanza mara moja wengine wakasubiri, na wale walioanza dalili zao zilishuka sana kuliko waliosubiri. Ni wasichana wetu hao.

Na tusimwite kila mtoto mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwenye maeneo ya vita mtu 1 kati ya 5 yuko na shida ya afya ya akili. Ni wengi sana, lakini maana yake pia walio wengi wanajikongoja na kusimama, kama wana watu wa kuwashika. Kukojoa kitandani, kushtuka, kucheza mchezo wa vita na vijiti, kushikilia sketi ya mama, kwa wiki za kwanza hivyo ni vya kawaida. Ukiona mwezi umepita na haishuki, mtoto halali, hachezi, hasemi, anajiumiza, hapo usingoje.

Mikutano ya wazazi ni Jumamosi. Akina baba wanahesabika, na hiyo si kosa la ONG, ni letu, mpeane habari huko kwenye maparkingi ya pikipiki. Tulichofundishwa kiko wazi na ninakitumia. Usimpige mtoto kwa sababu ya kukojoa, unabadilisha shuka mnaendelea. Usimdanganye, kama baba yake amekufa usiseme amesafiri, ju atasubiri na siku akijua atakosa kukuamini na wewe pia, mwambie kwa maneno mafupi na ya kweli na ukae naye. Zima zile video za maiti zinazozunguka kwenye simu, watoto wanachungulia begani mwako. Kula kwa saa moja ile ile hata kama ni kidogo. Na mzazi ajitazame: kama mama mwenyewe hashikiki, mtoto atashika wapi? Siku hiyo nusu ya wamama walilia na ankadrere aliacha walie, hakukimbilia kufundisha. Kuna mama alisema ni mara ya kwanza mtu anamuuliza yeye analala namna gani.

Haya sasa ya kulaumu.

Foto. Waliwahi kuja wageni na kamera, mmoja akamkalisha msichana wa kama miaka 11 mbele ya ukuta uliochorwa akaanza kumuuliza aliona nini, nani aliuawa, aliona damu? Yale yale ambayo maankadrere wanatufundisha tusifanye. Msichana akaanza kutetemeka miguu, na mtu wa biro aliyekuja na wageni alikuwa amesimama pale anatazama saa. Ankadrere ndiye aliyeingia katikati akamtoa mtoto. Wazazi tuliandika barua, sasa kuna karatasi mlangoni inayosema hakuna foto bila ruhusa ya mzazi na hakuna kuhoji mtoto. Vizuri, lakini ilingoja wazazi waandike.

Wasichana wakubwa hawaji. Saa nane wako ziwani na mabidon ao wanauza nyanya na sambaza barabarani ao wanalea wadogo, na vyoo viko nyuma pasipo na taa na kimoja hakifungi. Walioumia zaidi pengine ni hao na ndio espasi haiwaoni. Ingewekwa saa ya Jumapili alasiri kwa ajili yao, na ankadrere mwanamke, na bawaba ya choo ambayo haigharimu kitu.

Kwa kesi nzito wanatuma kwenye kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, kile cha Mafrère de la Charité (mabruda wa Kikatoliki), na waliotumwa wanasifu kazi ya pale. Tatizo ni kwamba espasi inakuandikia karatasi tu, transpor ni juu yako. Mama wa jirani alikuwa na mtoto aliyeacha kuongea kabisa tangu Januari, karatasi ikakaa kwenye kabati mpaka tulipomchangia pesa ya pikipiki. Kazi nzuri yote ile ya kumtambua mtoto inakufa kwenye franka za motari.

Na sasa ile nyota ya tano.

Mwanzo wa 2025 Marekani ilisimamisha pesa zake za misaada, na ninyi mnajua ni proje ngapi zilifunga milango hapa mjini wakati ule ule ambao vita ilikuwa imetumaliza. Ya kwetu haikufunga, ilikatwa. Uji wa soya wa saa nne ukaondoka, na watoto wanaotoka nyumba isiyo na chakula cha asubuhi wakaanza kulala kwenye mkeka wakati wa michezo. Ile piramidi, wamekata chini wakabakiza katikati. Kisha mikataba ya maankadrere ikawa ya miezi mitatu mitatu, na siku moja Jumatatu tukafika tukakuta ankadrere wa kundi letu hayupo. Hakuna aliyeambia watoto. Kijana mpya, mzuri tu, akaanza kuita majina, na mengine aliyakosea. Wetu hakulia. Alirudi nyumbani, na jioni ile nikamkuta anakunja nguo zake mbili anazitia kwenye mfuko.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli, na bado. Mtoto huyu amepoteza nyumba, kambi, wazazi wako mbali, mkampa mtu mzima mmoja anayekuja kila siku saa ile ile, mkamfundisha kwamba kuna watu wanaorudi, halafu mkamwondoa bila kwaheri kwa sababu ya karatasi ya kontra. Najua pesa imekatwa, sibishani na hilo. Lakini kuaga hakuhitaji bajeti. Wangesema wiki mbili kabla, dada yenu anaondoka tarehe fulani, wachore, waimbe, wapige foto ya kundi ya kubaki nayo, aje yeye mwenyewe amtambulishe anayempokea. Yule dada nilimpata kwa simu baadaye, alikuwa analia, alisema na yeye aliambiwa Ijumaa jioni. Wazazi tukamwomba aje siku moja kama mgeni, akaja bila kulipwa, akakaa nao wakaagana vizuri. Wetu alimpa mchoro. Mfuko aliendelea kuupanga siku kadhaa, kisha akaacha.

Kwa hiyo kwa wakubwa wa ile ONG, kama hii inawafikia: wafundisheni walimu wa masomo ya primeri ya hapa Ndosho zile mbinu. Ziliandikwa kwa ajili hiyo. Mwalimu habebwi na proje, mwaka ujao atakuwa bado darasani kwake. Na mchukue wamama wawili watatu wa kartye, muwafundishe kushika kundi la wadogo, hata siku mkipakia magari yenu wao watabaki na watoto wanawajua. Rudisheni uji kabla ya kununua makoti mengine yenye nembo.

Kwa wazazi, mambo ya kujua kabla ya kwenda. Kuandikisha ni Jumatatu asubuhi, uende na mtoto mwenyewe, kama huna karatasi yoyote shefu wa avenyu anakutambulisha. Kama mtoto uliye naye ametengana na wazazi sema wazi siku ile ile, wanamwandika kwa Croix-Rouge (Msalaba Mwekundu) ambao wanatafuta familia. Uliza jina la ankadrere wa kundi na uliza kontra yake inaisha lini, wana haki ya kukuambia. Siku tatu za kwanza kaa naye kama unaweza, akikataa kuingia usimvute, mwache atazame balo kutoka mlangoni, wengi wanaingia wenyewe. Mpe kitu ale kabla ya kutoka nyumbani kwa sasa. Walio Bukavu wanaoniuliza, sijui espasi za huko kwa hiyo siwezi kuzisifu, lakini kwa kesi nzito kuna SOSAME, kituo cha afya ya akili, ni ya Mafrère wale wale. Na sisi wazazi wa Ndosho tumeanza kuweka franka kidogo kila Jumamosi kwenye kikopo kwa ajili ya transpor ya wanaotumwa Tulizo Letu, mwenye mtoto aliyepewa karatasi na anashindwa kufika aje aone mama mweka hazina, anakaa benchi ya mbele upande wa dirisha.